Baiskeli Isiyotaka Kusimama

Jirani yangu Minobe ni mtu wa kuitikia. Ukimwambia leo mvua itanyesha, "Ndiyo, ndiyo." Akija mwingine akamwambia hainyeshi ng'o, "Ndiyo, kabisa." Hapa Kokura, kama Japani yote, sote tunaitikia mtu anapozungumza, ni adabu tu, ni kumwambia endelea, nakusikia. Lakini Minobe alipitiliza. Kiwanda cha mabomba alikofanya kazi kilipomwita na kumwuliza kama angependa kupumzika mapema, aliitikia kwa heshima zote mpaka meneja akamaliza. Akarudi nyumbani akamwuliza mkewe, Fusae: "Hivi wameniachisha kazi?"

Walikuwa wamemwachisha.

Alihangaika sana mpaka akapata kazi ya kupanga samaki sokoni, aanze Jumatatu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kazi ile inaanza kabla basi la kwanza halijatoka, nasi tunakaa huku juu, ubavuni mwa mlima Adachi. Bila baiskeli hakuna kazi, na bila kazi sijui wangekula nini, maana hata mimi, dobi wao, nilikuwa nimeacha kuwatoza pesa za nguo. Fusae akampa bahasha yenye yen elfu kumi. Ndizo zilizokuwepo.

Dukani alichanganyikiwa. Kulikuwa na za gia saba, za gia tatu, za betri, za kukunjwa kama mwavuli. Akasema anataka baiskeli tu, ya kukanyaga na kwenda, isiyo na gia za kubadilisha. Ipo, akaambiwa, na bei yake ni mara mbili ya bahasha. Muuzaji alimhurumia, akamwelekeza kwa mzee Hatakeda.

Mzee huyo zamani alishindana katika uwanja wetu wa mbio za baiskeli, ule ambao wanaume wa mtaa huu wamemalizia mishahara yao kwa kubeti. Alikuwa na baiskeli moja ya buluu, nyembamba, nyepesi, ya gia moja tu. Akakubali ile bahasha bila kunung'unika. Kisha akaeleza, akaonyesha, akazungusha magurudumu, na Minobe akaitikia, ndiyo, ndiyo, sawasawa. Mwisho mzee akamtia mkononi boksi la yokan, ile halua nzito ya maharage, limefungwa kwa karatasi ya duka la mjini. "Na hili usilisahau," akasema.

Minobe karibu atokwe na machozi. Auziwe kwa bei ya bure, halafu apewe na zawadi!

Kwetu zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, na ikifika nyumbani inaanza kwa marehemu. Fusae akaliweka boksi kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya mama mkwe, akagonga kengele ndogo, akaunganisha viganja. Yule bibi alipenda yokan kuliko wajukuu wake.

Siku iliyofuata nikamkuta Minobe mlangoni kwangu, ameishika baiskeli kwa mbali kama ng'ombe asiyemjua.

"Bi Chizuko, samahani. Breki zake unaziona?"

"Unaniuliza mimi dobi?"

"Labda za siku hizi zinafichwa. Na nikiacha kukanyaga, pedali haziachi. Zinaninyanyua."

Nikainama, nikatazama juu na chini. Kweli, breki hakuna. Nami sikuelewa. Nikamwambia ageuze pedali kinyume, huenda ndiyo namna yake. Akageuza, ikamtupa kwenye maua yangu ya azalea, yeye na usukani wake. Nilikasirika, tena sana, lakini suruali yake ilikuwa imechanika gotini, nikameza maneno.

"Baba Sayo, rudi ukamwulize mzee," Fusae alimwambia mumewe.

"Nitamwulizaje? Nilishamwambia nimeelewa."

"Ulielewa?"

"Alikuwa anaeleza vizuri sana."

Jumapili mchana Fusae akaniita kwao. Minobe alikuwa amekaa sakafuni, simu mkononi. Mteremko wetu una kona tatu na mwisho wake barabara ya malori; kuushuka na kitu kile ni kutafuta kifo. Alitaka awapigie wa sokoni, awaambie hawezi.

Fusae hakubishana. Alichemsha maji. "Kabla hujapiga, tunywe chai," akasema kwa sauti iliyonikata maini. "Mama ameshatosheka, tule halua yake." Akainamia picha, akaliteremsha boksi, akafungua karatasi taratibu bila kuichana.

Ndani mlikuwa na breki mbili, nyaya zake, gia ndogo yenye meno, na spana.

Mama mkwe alitutazama kutoka kwenye fremu. Mimi nilianza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha.

"Alinieleza," Minobe akasema polepole. "Nadhani hilo ndilo alilokuwa ananieleza."

Tukaenda kwa mzee sote watatu, baiskeli ikisukumwa. Mzee alipoona boksi, alikuja juu.

"Mbona hujafunga? Si nilikwambia zimo humu, nimezitia boksi la zamani zisipotee?"

"Ndiyo."

"Si nilikwambia hii ni ya uwanjani, usiipande mpaka ufunge?"

"Ndiyo."

"Na ukaipanda?"

"Ndiyo."

Mzee akavuta pumzi, akashika spana, akaanza upya: gia hii ikikaa upande wa pili wa gurudumu, pedali zinatulia ukiacha kukanyaga, breki hii mbele, hii nyuma, waya unapita hapa. Minobe akaitikia, ndiyo, ndiyo. Fusae alikuwa anautazama mgongo wa mumewe bila kupepesa. Ghafla kichwa cha Minobe kikaacha kuitikia. Masikio yakamwiva kwa aibu.

"Samahani, mzee. Sijaelewa."

"Wapi?"

"Tangu mwanzo."

Nilidhani atafukuzwa. Mzee akavuta kigoda, akamkalisha, akampa spana mkononi. "Basi funga mwenyewe. Ukikwama sema." Akakwama mara nyingi, na kila mara alisema. Fusae aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa mkono wa kimono chake cha kazi.

Jumatatu kukiwa bado giza nilisikia breki zikilia kona ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Nikafungua dirisha. Fusae alikuwa amesimama getini na nguo za kulalia.

"Kashuka?" nikamwuliza.

"Kashuka."

Akabaki anautazama mteremko. "Laiti na kiwandani angesema hajaelewa," akasema.

"Ndiyo, ndiyo," nikaitikia.