Shangazi alivyoyakata mawaridi yangu nikiwa eda, na nilichojifunza kuhusu kuchagua mche

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Humu ndani nina miaka na sijawahi kufungua uzi hata mmoja. Ila wiki hii kuna ndugu ameuliza kama waridi linaweza kukubali joto la Bujumbura, na majibu aliyopewa yamenikera. Mmoja kasema haiwezekani kabisa. Mwingine kamwambia anunue ya plastiki, hayadai maji.

Basi naandika. Sina mche wa kuuza na sitatia chumvi. Yaliyonipata ndiyo haya, na miiba ilinichoma mimi, si jirani.

Naishi Buyenzi, hapahapa Bujumbura. Wanaoijua wanajua: gereji mbele, gereji nyuma, katikati misikiti na nyumba zetu zenye uwanja mdogo. Mume wangu, Baba Zuena, alikuwa anauza vipuri vya magari. Binti yetu Zuena kaolewa, yuko kwa mumewe. Mimi ni mshonaji. Kwetu mtu akipata kipande cha udongo anapanda mboga ya lengalenga, kwa hiyo nilipoanza kupanda mawaridi majirani waliniangalia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

Nilianza kwa kununua, kama kila mtu. Pembeni mwa barabara ya kuelekea ziwani kuna watu wanauza miche kwenye mifuko myeusi. Unakuta waridi limefungua maua makubwa, mekundu, ya njano, mengine ya rangi mbili. Unalipenda, unalibeba.

Likifika nyumbani linakaa vizuri siku chache, halafu vituko vinaanza. Majani yanatoka madoadoa meusi, yanageuka njano, yanapukutika. Ua linalofuata linakuja dogo kama kifungo cha shati, na kingo zinaungua kabla halijafunguka.

Nilidhani nina mkono mbaya. Kumbe mengi ya yale yamelelewa huko milimani, kwenye baridi, ambako watu wanalala na blanketi mbili. Huku kwetu blanketi tunamfunika mgonjwa tu.

Hata hivyo machache yalishika, na nikajifunza njia zake. Maji asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu, siyo mbichi. Jua la asubuhi lipate, la mchana likingwe na ukuta. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika nayo hayatupwi.

Na jambo moja la kwetu Waislamu: maji ya udhu. Nilikuwa naweka beseni chini wakati wa kutawadha alfajiri, maji yale hayana sabuni, nikimaliza swala naenda kuyamwaga kwenye mawaridi. Bili ya maji haiongezeki na ua linakunywa.

Baba Zuena alikuwa ananitania. "We unapikia maua chai, mi unanipa maji." Alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni, nami namwambia akianza kunukia vizuri nitampikia na yeye.

Sasa sikilizeni waridi la kisa hiki lilivyopatikana.

Siku moja Baba Zuena alikwenda Ruziba, kusini mwa mji, kumpelekea mteja kipuri cha gari. Kwenye uwanja wa yule mteja akaona waridi limepanda ukuta wa jiko, mbuzi wanapita chini yake, hakuna anayelitunza, na lilikuwa limejaa maua katikati ya kiangazi. Mtu asiyejua tofauti ya waridi na bamia akasimama akaomba vijiti. Aliwaambia, "Mi nina muke, ako na wazimu ya maua."

Alivileta vimefungwa kitambaa kibichi ndani ya boksi la pedi za breki. Akakataa nisaidie. Alivichomeka mwenyewe chini ya dirisha la chumba chetu, kimoja alikichomeka kichwa chini miguu juu. Nilikigeuza alipoondoka.

Kimoja tu kilishika. Maua yake ni ya rangi ya waridi iliyokolea, petali nyingi, halafu yanainama na kumwagika upesi. Kwa kupiga picha si mazuri hivyo. Lakini harufu, wakuu! Jioni watu waliokuwa wanakwenda swala ya magharibi walikuwa wanapunguza mwendo wakifika kwetu.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, usichague kwa rangi. Zunguka mtaani kwako, tazama ni waridi gani linachanua kwa mtu asiyelijali, kwenye joto hilihili lako. Hilo ndilo la kuomba kijiti.

Tuendelee.

Baba Zuena alifariki akiwa dukani, asubuhi ya kawaida tu. Presha. Alitoka nyumbani analalamika kwamba uji hauna sukari.

Nikaingia eda. Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki marashi, hatoki bila dharura. Shangazi yangu Mwamini, dada wa baba yangu, akaja kukaa nami.

Shangazi Mwamini naye alifiwa na mumewe, tena akiwa kijana kabisa, na hakuolewa tena. Ni mkali, msafi, na swala haimpiti. Mimi ananipenda kama mtoto wa tumbo lake. Hilo mlikumbuke kabla ya kumtukana huko kwenye comments.

Siku zile watu walikuwa wanaingia na kutoka. Nguo za marehemu zikagawiwa, duka likachukuliwa na kaka yake kama walivyokubaliana, godoro likaondolewa. Sikupinga chochote. Lakini kitu ambacho mume wangu alikipanda kwa mkono wake na bado kilikuwa kinapumua kilikuwa kimoja tu, kipo chini ya dirisha langu. Nilikuwa naliangalia lile waridi kila nilipofungua macho. Nilijiambia hilo likibaki, nitaweza.

Wanawake waliokuja kunipa pole wakaanza kunong'ona. Harufu inaingia dirishani. Mjane analala ndani ya marashi. Eda gani hii?

Asubuhi moja nilikuwa naoga. Nilipotoka nikakuta chumba kina mwanga kuliko siku zote. Nikaenda dirishani.

Shangazi alikuwa ameshika msumeno wa chuma wa marehemu, ule wa kukatia bomba. Mawaridi yote chini. Yale ya kununua na lile la Ruziba, yote yamekatwa usawa wa kisigino. Matawi yamelala na maua yake juu ya udongo.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimeondoa harufu. We uko eda, mwanangu. Haifai."

"Lile alipanda Baba Zuena."

"Najua."

Akaendelea kukusanya matawi. Nilifunga dirisha. Mjane kwetu hagombani.

Nilimchukia. Naandika wazi, nilimchukia shangazi yangu, huku nakula chakula alichopika na kulala kwenye shuka alizofua yeye.

Mdogo wangu wa kiume alipopata habari akaenda kumuuliza ustadhi. Ustadhi akasema eda inahusu mwili wa mwanamke na mavazi yake, asijitie manukato. Ua lililo ardhini halina hatia. Mdogo wangu akarudi akayasema mbele yetu wote.

Shangazi akafunga kanga yake vizuri. "Bon, sawa. Sikujua. Lakini imeshakatwa." Akaingia jikoni.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nikabaki na visiki.

Hapa wapenda maua mnisikilize, maana ndipo nilipopata elimu ambayo hakuna muuza mche aliyewahi kunipa.

Visiki vya yale mawaridi ya kununua vilichipua haraka ajabu. Fimbo ndefu, nyembamba, zenye miiba midogo mingi, zikitoka chini kabisa ardhini. Wageni wakawa wananipongeza, tazama, yamerudi! Nami nikafurahi kijinga. Yakaja kuchanua: maua meupe, madogo, petali chache, hayana harufu hata ukiyaweka puani. Mekundu hakuna. Ya njano hakuna.

Kumbe miche mingi ya kununua imeunganishwa. Juu wanaweka waridi zuri, chini ni mzizi wa waridi la porini lenye nguvu. Ukikata chini ya kiungo, zuri limekwenda na litakaloota ni la porini. Kile kinundu unachokiona karibu na udongo ndicho kiungo. Hata bila msumeno wa shangazi, ukiona fimbo inatoka chini ya kinundu ing'oe, usiifurahie, itamaliza chakula cha mwenzake.

Kisiki cha Ruziba hakikufanya kitu.

Wenzake wanarefuka, chenyewe kimekauka juu, cheusi. Nikawa natoka alfajiri na beseni langu la maji ya udhu, namwaga, naangalia, narudi ndani. Sikuweka samadi, maana mche uliojeruhiwa haulishwi kwa nguvu. Nilifunika udongo kwa majani makavu tu usichomwe na jua. Mtu akiniuliza nafanya nini pale nasema napunga upepo.

Kuna siku nilikwaruza ganda kwa ukucha, chini karibu na udongo. Ndani kulikuwa kijani.

Sikumwambia mtu. Niliogopa nikimwambia mtu yeyote shangazi atasikia.

Asubuhi moja, siku chache baadaye, nilitoka na beseni nikakuta kisiki kimezungushiwa miiba. Yale matawi yaliyokatwa, yaliyokauka, yamechomekwa kwa duara ili kuku wasichakure. Mwenye kuku ni jirani, hawezi kuwa yeye. Mdogo wangu siku hizo alikuwa hajaja. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi.

Nilimwaga maji kati ya miiba. Nikarudi ndani.

Macho mekundu ya machipukizi yakatoka kwenye kisiki, yakawa majani, yakawa tawi. Na kwa kuwa mche ule ulikuwa kijiti kilichoota chenyewe, juu na chini ni mtu mmoja, kilichochipua kilikuwa kilekile. Majani yaleyale mapana, miiba ileile michache. Mwisho wa tawi likatoka tumba.

Hesabu ikanitia hofu. Tumba lilikuwa linanenepa na eda yangu ilikuwa bado kidogo iishe. Lingefunguka nikiwa ndani.

Mchana mmoja tulikuwa tumekaa barazani tunachambua mchele. Shangazi alikuwa analitazama lile tumba. Nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, hili nalo utalikata?"

Akaendelea kuchambua.

"Apana."

Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Mi nilikuwa mutoto bado, bwana yangu alipokufa. Nilifua kanga na sabuni ya kunukia. Ile tu. Sabuni! Mutaa muzima wakasema natafuta bwana mwengine, wa kwanza hajakauka kaburini. Mama mukwe akanifukuza kwa ajili ya ile maneno."

"Sikujua, shangazi."

"Nani angekwambia? Baba yako alikataza watu waseme. Nilisikia wale wanawake wananong'ona kwa dirisha yako, nikaona ni wale wale. Sikutaka wakuseme we."

Mchele ule hatukuumaliza. Nilimshika mkono, na nililia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi. Yeye hakulia. Alikuwa ananipigapiga mgongoni na kuniambia mchele unamwagika.

Tumba lilikaa kimya mpaka eda ikaisha. Msinitafutie muujiza, lilichelewa kwa sababu kulikuwa na mawingu, mawaridi yanafanya hivyo.

Nilioga, nikavaa nguo nyingine, wanawake wakaja wakasoma dua. Walipoondoka ua lilikuwa limefunguka. Rangi ya waridi iliyokolea, limeinama, harufu ileile. Nilikuwa nimepanga siku nyingi kwamba la kwanza nitalinusa mimi na kulala nalo.

Nililikata, nikampelekea shangazi.

Mwanamke huyu tangu eda yake hajatia marashi. Sikukuu hatii, harusi hatii. Tukimfukizia udi chumbani anafungua dirisha. Sisi watoto tulidhani anaumwa kichwa na harufu.

Alilishika muda mrefu kama mtu asiyejua pa kuliweka. Halafu akainamisha uso, akalinusa, na hakuinua uso haraka.

Wakuu, nisiwachoshe. Kwa ndugu aliyeuliza: ndiyo, waridi linakubali Bujumbura. Tafuta lililokwisha kuzoea joto, lililooteshwa kwa kijiti, na lenye mizizi yake lenyewe. Kijiti kiwe unene wa penseli, toa majani ya chini, zika nusu, weka kivulini, na usikivute kila siku kuangalia kama kimeshika. Na kabla hujamkatia mjane kitu kwa jina la dini, muulize anayeijua dini. Ukishajua, muulize na mjane.

Wenye uzoefu na madoa meusi wakati wa mvua naomba mchango wenu, hilo bado linanishinda. Na wenye shangazi kama wangu waseme pia, nitasoma zote.

Nyongeza: kuna aliyeuliza hapo chini shangazi alisemaje baada ya kunusa. Neno lake lilikuja kesho yake. Aliomba kijiti, akakipeleka kwake. Jana alinipigia simu ana wasiwasi, majani yametoka mekundu, anauliza kama ni ugonjwa.

Nikamwambia, apana shangazi, waridi likiwa hai huanza hivyo.