Harufu ya Makopa

Juzi nilinunua unga wa makopa, muhogo uliovundikwa ukakaushwa, kwa bei inayopita ya sembe, kwa sababu pakiti iliandikwa "asilia". Kuufungua tu, harufu ilinirudisha utotoni Manundu, siku sembe ilipokwisha kwenye duka la ushirika. Mjomba alitufikia kutoka Handeni na gunia la makopa begani. Chumba kizima kilinuka uvundo, nami nikadhani ni miguu yake.

"Shikamoo, mjomba. Nenda kanawe miguu kwanza."

Mama alinifinya. Mjomba alivua katambuga zake za tairi, akaenda kunawa. Aliporudi, uvundo ulikuwa palepale, na usiku tuliula.

Jana niliusonga ugali wangu wa asilia. Binti yangu aliingia ameziba pua.

"Baba, umevua viatu?"

Nikaenda kunawa miguu.