Mwanya Unataka Meno Mawili

Mama yangu alikuwa na mwanya, na katika watoto wake mimi ndiye niliyeurithi. Kwa mwanamke wa Tanga mwanya ni nusu ya uzuri. Kwa mwanamume mwenye kipara na miwani ni mzigo ulioshushwa nyumba siyo. Nilipokuwa kijana, wanawake wa ukoo walinishika kidevu wakasikitika: "Uzuri wote huu umepotelea kwenye ndevu." Vingine vyote nilivichukua kwa baba, kuanzia pua mpaka masikio, na baba ndiye mtu ambaye mama mdogo hakupatana naye tangu siku ya posa.

Mama alipofariki, huyo mama mdogo, ndugu yake wa pekee, ndiye aliyebaki kuutunza mwanya. Anaishi Ngamiani. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hiyo kila nikienda kumwamkia alinivuta mpaka mlangoni, kwenye mwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Cheka."

"Nicheke nini, na hata chai sijapewa?"

"Cheka nimwone dada yangu. Chai utapewa."

Basi nilicheka bila sababu, kama mgombea udiwani, naye akanitazama kinywani mpaka aridhike. Tangu mkataba wangu wa kufundisha chuoni uishe, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pekee ya kudumu.

Mkataba ulipoisha, bima ya afya nayo ilikwisha. Naungama kwamba niliwahi kuandika makala nzima kuwahimiza wananchi wakate bima, na nilipoiandika mwenyewe sikuwa na bima. Makala ilisifiwa.

Jino lililonitesa lilikuwa la mbele, la juu, lile la upande wa kulia wa mwanya. Utotoni liligongwa na usukani wa baiskeli, likageuka rangi ya majivu, kisha likanyamaza miaka mingi hata nikalisahau. Mwaka jana liliamka. Nilisukutua maji ya chumvi, nikabana karafuu, nikatafuna vidonge vya maumivu kama karanga. Mdomo wa juu ukavimba, nikaonekana mtu aliyenuna, na majirani wakaanza kumpa pole mke wangu.

Nilikwenda kliniki ya meno ya hospitali ya serikali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mikono baridi. Akaligonga jino kidogo kwa chuma. Niliona nyota mchana.

"Mzee, jino hili linaweza kuokolewa," alisema. "Linasafishwa mzizi, linazibwa, unabaki nalo."

"Hapa?"

"Hapa mashine yake ni mbovu. Kliniki za binafsi wanafanya. Una bima?"

"Sina."

Akanitajia bei ya huko. Uso wangu ulimjibu kabla yangu.

"Basi iko hospitali ya misheni, huko juu milimani," alisema. "Bei yao utaiweza. Ila mtaalamu wao huja kwa zamu, na zamu yake ni mwisho wa mwezi. Mimi nitakutoa usaha leo, nikupe dawa, usubiri."

"Na maumivu?"

"Yatapungua. Sikudanganyi kwamba yataisha."

"Na kung'oa?"

"Kung'oa ni sasa hivi."

Miaka mingi nimesimama mbele ya wanafunzi nikiwafundisha kupima jambo, kutoamua kwa pupa, kutazama mbali. Nikamwambia: "Ng'oa."

"Ni jino la mbele, mzee. Una hakika?"

"Daktari, ng'oa."

Lilitoka kirahisi, bila ubishi, kama mgeni aliyekuwa anangoja aruhusiwe kuondoka. Usiku huo nililala. Asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikaelewa nilichokifanya. Kama nilifikiri chochote pale kwenye kiti, nilifikiri ninapoteza jino na mwanya unabaki. Lakini mwanya unataka meno mawili. Likiondoka moja, kilichopo ni pengo, na sijasikia taarab ya kulisifu pengo.

Nikaanza kumkwepa mama mdogo. Nilimpigia simu nikamwambia nina mafua.

"Mafua mwezi mzima?" aliuliza. "Una mafua au una mke wa pili?"

Ndipo nikamtafuta fundi wa meno ya bandia, mtaa wa tatu tu kutoka kwake, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vitambaa. Bei yake ilikuwa ya watu kama sisi. Alining'atisha nta, akachagua rangi, akaniuliza nataka liweje. Hapo ndipo nilipotakiwa kuutaja mwanya. Niliona haya. Mwanamume wa umri wangu aombe kutengenezewa mwanya! Nikasema tu, "Lifanane na mwenzake."

Siku ya kulichukua, aliniwekea mwenyewe, akanishikia kioo. Meno yangu ya mbele yalikuwa yamebanana kama milango ya duka siku ya sikukuu.

"Umeona?" alisema, uso umemjaa furaha. "Ule uwazi wako nao nimeuziba. Jino nimelipanua kidogo. Na bei ni ileile, siongezi hata shilingi."

Nikamshukuru. Mtu amekupa zawadi, utamwambia nini?

Nilikwenda kwa mama mdogo siku hiyohiyo, nikijipa moyo kwamba macho yake ni mabovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepona mafua yako?" Akanivuta kwenye mwanga. "Cheka."

Nikacheka. Alinitazama, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akanitazama tena. Nilihisi midomo yangu inatetemeka kwa kukaa wazi.

"Wamekutengeneza vizuri," alisema hatimaye. "Umependeza. Sasa wewe ni baba yako mtupu."

Nikalichomoa lile jino nikamwonyesha pengo, kama kwamba pengo lingekuwa utetezi. Nilianza kumweleza habari za mashine mbovu, za mtaalamu wa zamu. Akaniwekea mkono begani.

"Lirudishe, baba. Mapengo ninayo yangu."

Kisha akaagiza chai, kabla sijaiomba.

Bado ninakwenda kila Ijumaa. Tunakaa palepale mlangoni, tunaulizana bei ya samaki na hali ya wagonjwa wa mtaa. Fundi amesema anaweza kutengeneza jingine, jembamba, nikitaka, ila sijaenda. Mama mdogo hajaniambia tena nicheke. Mara nyingine nacheka mwenyewe bila kuambiwa, naye anageuka kutazama barabarani.