Manowari Aliyoikwangua Baba

Sisi wa enzi zile za Mtongwe, Mombasa, tuliocheza mpira wa kati mpaka tukaitwa nyumbani kwa ukali, tulijua manowari imeletwa kutengenezwa pale baba zetu waliporudi na nyusi nyekundu za kutu. Kazi ya Baba ilikuwa kuning'inia ubavuni mwa meli, kakalia ubao wa kamba, anagonga kutu kwa nyundo.

Nilipokuwa darasa la tatu ilikuja moja kongwe, iliyoundwa vita vikuu vilipokwisha, kabla Baba hajazaliwa. Alituletea kipande cha rangi yake, kinene kama chapati. Tulikibandua kwa wembe: kijivu, kijivu, nyeupe ya bahari za joto, kijivu tena, na chini kabisa nyekundu ya siku ilipoundwa.

"Kila tabaka ni safari," alisema Baba. Mama naye: "Na mikono hiyo hamli wali wangu."

Lakini Baba hakuwahi kukanyaga sitaha. Vibarua mwisho wao ubavuni. Ilipotangazwa kuwa Jumapili wananchi wataruhusiwa kupanda, kabla haijaondoka, nilitaka jambo moja tu: Baba apande.

Alivaa kanzu ya Idi. Kwenye ngazi akasita. "Nendeni nyinyi. Mimi naijua."

Nikamvuta mkono, machozi yananilenga. Basi akavua ndara, akapanda peku, kama anaingia nyumbani kwa watu. Nyuma yake mtaa mzima ukavua. Baharia wa zamu akalitazama lile rundo la ndara. Chuma kilikuwa cha moto, tukarukaruka kama bisi, na hakuna aliyerudi kuvaa. Mzinga wa mbele ulikuwa mrefu kuliko nyumba yetu. Baba aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo.

"Ametembea huyu," akasema.

Leo niko Riyadh, mtaa wa Suwaidi, nafanya kazi za ndani kwa kafili wangu, tajiri aliyenileta, na mkewe madam. Mwezi uliopita walinichukua likizoni Jeddah, na tukiwa ufukweni ikapita manowari kwa mbali. Nikawaita watoto wa madam: "Yalla, njooni muone." Mkubwa hakuinua macho kwenye simu. "Zuhura, humu zimejaa." Simlaumu. Ana meli za dunia nzima kiganjani. Sisi tulipanda moja tu, na hata usingizi ilitunyima.

Nikampigia Baba palepale, nikamwambia kuna manowari inapita.

"Uko karibu nayo?"

"La, Baba. Iko mbali."

"Basi itazame mpaka ipotee, mwanangu. Mimi nasubiri."

Nikaitazama, naye akasubiri.