Paa la Nyasi la Mjapani wa Mbooni

Mwanangu, kuna siku moja kule Mbooni ambayo nikiikumbuka, hata leo, nashindwa kutulia kitini. Mvua za Novemba zilikuwa zinakaribia, na nyumba niliyongoja kuhamia na mume wangu haikuwa na paa.

Ilikuwa ikijengwa na Mjapani aliyefundisha useremala pamoja na mume wangu. Nguzo alizisimamisha juu ya mawe, mchwa wasizifikie, akaziunganisha bila msumari. Kuta zilikuwa za fito zilizofungwa kwa kamba za mkonge, na wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, wakazikandika udongo. Kazi ilienda vizuri mpaka aliposema paa litakuwa la nyasi. Wanawake walinawa mikono wakaenda zao. Walikuwa wamechangiana miaka mingi ili kila mama apate mabati, sasa mgeni anawarudisha kwenye nyasi. Nami, bibi arusi, niliona aibu kubwa. Kila wingu likitokea nilitoka nje kuangalia, maana udongo ule ukinyeshewa ungeporomoka wote.

Mama mkwe, kiongozi wa kikundi na wa kwanza kuondoka siku ile, alichoka kuniona nikizungukazunguka. Akanishika mkono tukaenda kwa Mjapani, akamuuliza kama anatudharau. Yule bwana akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba nyumba ya mama yake huko kwao ni ya nyasi, na zamani kijiji kizima kilipanda kuiezeka. Sasa vijana wamehamia mjini, na paa linavuja.

"Nyasi iko, mama," akasema. "Watu ndio hakuna. Hapa nimeona watu."

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia? Wewe unalilia mabati, huyu analilia majirani. Enda ulete panga."

Kesho yake wanawake walirudi, wengine bado wakinung'unika. Tuliezeka mbio mbio huku ngurumo zikisikika upande wa Kikima. Mvua iliponyesha tulikuwa sote ndani, nguo zimejaa mabua, tukiangalia juu.

Kwa hivyo, mwanangu, weka mabati ukitaka, hata ghorofa jenga. Lakini kazi ambayo mikono ya mama zako inaijua usiionee aibu, na kabla hujanunua msumari wa kwanza, angalia una nani wa kupanda naye juu. Mungu akupe nyumba isiyovuja. Na siku ikivuja, akupe watu.