Karatasi ya Bwana Harusi

Kwetu Pemba siku hizi mashehe wengi hawaozeshi mpaka waone karatasi ya kipimo cha virusi vya ukimwi. Nilipokuwa nesi mpya katika kituo kimoja cha afya kaskazini mwa kisiwa, karatasi hizo nilikuwa naziandika mimi. Nasimulia haya kwa sababu nimechoka kuwa nayo peke yangu.

Alikuja Jumatano asubuhi, kijana mkulima, kanzu imepigwa pasi, na Ijumaa anaoa. Mchumba wake alikwishapimwa, akakutwa hana kitu. Nikamtoboa kidole. Kipimo cha kwanza kikatoa mistari miwili: virusi vimo. Cha pili, kile cha kuthibitisha, kikatoa mmoja: hamna. Nikarudia vyote, vikasema vilevile.

La kufanya nilifundishwa. Vipimo hivi havitafuti virusi vyenyewe, vinatafuta kingamwili, askari ambao mwili huwatoa kupambana navyo. Aliyeambukizwa karibuni askari wake bado wachache. Kipimo kimoja huwaona, kingine kisiwaone. Mtu wa namna hiyo hapewi jibu. Huambiwa arudi baada ya wiki mbili, na mpaka hapo asilale na mtu.

Nilimweleza yote, akanisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Dada, hicho cha kuthibitisha si ndo kikubwa? Na kimesema sina. Nke mwenyewe yumo ndani, keshaanza kusingwa liwa. Tukiakhirisha sasa, mie hawan'semi ng'o. Watamsema yeye."

Hapo alinipata. Mwari akishatiwa ndani kusingwa na kupambwa, kisha harusi ikaahirishwa, hakuna anayeuliza bwana harusi ana nini. Husemwa binti kakutwa na ila, na maneno hayo humfuata mpaka uzeeni. Nilimwonea huruma binti wa watu ambaye hata sura yake sikuijua. Nikajiambia kile cha kwanza kina kiherehere, wakati mwingine hushtuka bure, na hilo ni kweli. Nikaandika kuwa hana maambukizi, nikapiga muhuri, nikamsisitizia arudi baada ya wiki mbili. Hakurudi, na mimi sikumtafuta. Nilisikia tu kwamba harusi ilifana.

Miezi mitano baadaye binti alikuja kliniki ya wajawazito, peke yake, mimba changa. Nikampima kama tunavyowapima wote. Cha kwanza, mistari miwili. Cha pili, miwili.

Alianza dawa siku ileile, na mtoto wake alizaliwa hana virusi, alhamdulillahi. Lakini asubuhi ile hatukuwa na habari hiyo. Alikaa mbele yangu, buibui limemlowa machozi kifuani.

"Mie sijalala na ntu mwengine," akasema. "Na mume wangu alipimwa papa hapa. Kipimo chenu kilisemaje?"

Ulimi ulitaka kusema kwamba vipimo hukosea. Niliona haya. Nikamwambia kipimo hakikukosea, kilitutaka tusubiri, na aliyeandika kuwa mumewe ni mzima ni mimi. Nikamwambia na sababu: yeye alikwisha kutiwa ndani, sikutaka watu wamseme.

Hakukasirika; angekasirika, ingeniwia rahisi.

"Bi nesi," akasema, "mie ningekubali wan'seme."