Fundi Lutengano na Mshale wa Oili Uliolala

Leo asubuhi simu ililia kutoka Makambako. Nikamwomba aliyepiga arudie jina la baba yake mara tatu, nikidhani masikio yangu ya uzee yananidanganya.

Ni kweli. Fundi Lutengano hatunaye. Akili imesikia, moyo bado unabisha.

Ndugu zangu wa humu mnanijua mimi, mzee wa Njombe anayeandika habari za magari. Leo mjueni aliyenifundisha kazi.

Tulikutana kabla ya uhuru, enzi za Mwingereza, kwenye gereji ya malori hapa Njombe. Mimi nimetoka Mdandu, nimemaliza shule, najiona msomi. Yeye Mkinga wa Iwawa, amenizidi miaka minne, mikono tayari ina makovu ya moto.

Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiswahili cha darasani, kirefu. Akacheka, akanijibu kwa salamu ya kwetu. "Kamwene, kamwene! Hapa hatuna mwalimu. Shika spana."

Aliimba nyimbo za kanisani akiwa chini ya lori, sauti ya nne, peke yake. Mteja mgeni angedhani injini ndiyo inayoimba.

Kuna siku moja sijawahi kuisimulia. Leo naisimulia.

Lililetwa lori la mfanyabiashara mmoja, injini imekufa. Tuliifumua yote na kuijenga upya: pistoni mpya, beringi mpya, krenki imechongwa. Mimi niliosha bloku na vifaa vyake, yeye akafunga.

Kesho yake lori hilo lilitakiwa kuwapeleka wanakwaya Bulongwa, kwenye mkutano wa kanisa. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alishafunga mzigo.

Tukawasha. Ikaitika mara moja, jamani! Tukapeana mikono. Lakini injini ilipopata moto, mshale wa geji ya presha ya oili ukaanza kushuka, ukashuka, ukalala karibu na sifuri.

Foremani wetu, Mzungu mmoja mwenye haraka, akaja kutazama. "Mimina oili nzito. Mshale utapanda. Watu wanangoja gari."

Lutengano akazima injini. "Utapanda, bwana, lakini ugonjwa utabaki ndani. Oili isipofika kwenye beringi, injini itakamata, igome ghafla mlimani. Na nyuma kutakuwa na watu."

"Wewe hutaki kazi?"

"Naitaka sana. Ndiyo maana gari hili silitoi."

Foremani alikuwa na safari ya Makambako. Akasema akirudi jioni akute gari liko tayari, la sivyo Lutengano achukue virago vyake arudi kwao. Akaondoka.

Lutengano alinawa mikono, akanywa chai yake yote, ndipo akaniambia, "Tuanze na kilicho rahisi. Pengine geji inasema uongo."

Tukafungua geji ya lori jingine, tukaifunga kwetu. Mshale ukalala vilevile. Basi, geji ilisema kweli.

Tukatoa springi ya valvu inayopunguza presha. Nzima. Tukashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tukakagua bomba la kunyonya oili, halina ufa. Pampu nayo safi. Akafungua kofia za beringi moja moja, akapima. Zote sawa.

Ikawa saa tisa. Jasho linanitoka, na baridi ya Njombe mnaijua.

"Bado hapa mbele," akasema. Tukafungua kava la cheni ya taimingi. Akamulika kwa taa. Kisha akasema taratibu, "Njoo uone."

Palikuwa na tundu wazi. Njia kuu ya oili huzibwa pale kwa kizibo kidogo cha chuma. Kizibo hakikuwepo, na oili yote ya maana ilikuwa inamwagika humo badala ya kwenda kwenye beringi.

Nilijua papo hapo. Vizibo nilivitoa mimi, ili nisafishe njia za oili, na kumkabidhi vyote avifunge ilikuwa kazi yangu.

Nilikwenda kwenye debe la mafuta ya taa nililooshea vifaa, nikapapasa chini ya tope. Kilikuwepo. Na nikiri: nilikitia mfukoni. Nilitaka tutafute kingine, ionekane kilichomoka chenyewe.

Lutengano alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu. "Kilete, mdogo wangu. Muda unakwenda."

Tukafunga kila kitu. Tukawasha, tukaiacha ipate moto sawasawa. Mshale ukasimama katikati, ukabaki hapo.

Foremani akarudi. Akasikiliza injini, akatazama geji, akauliza, "Ilikuwa nini?"

"Kizibo cha njia ya oili hakikufungwa."

"Nani alisahau?"

Lutengano akajibu, "Kava nilifunga mimi bila kukagua, bwana."

Haikuwa uongo. Lakini haikuwa yote, na sote wawili tulijua. Foremani akamvua Lutengano ufundi mkuu, akampangia kuosha vifaa.

Mama alikwenda Bulongwa akarudi akiimba. Mimi sikulala vizuri siku tatu. Siku ya nne nilimfuata foremani, nikasema, "Kizibo nilisahau mimi." Akatuweka wote wawili kwenye debe la kuoshea vifaa, mwezi mzima.

Lutengano alicheka mpaka akakohoa. "Umechelewa, lakini umefika. Sasa nitakufundisha kuosha." Akanionyesha kupanga kila kizibo juu ya kitambaa, kwa mfuatano wa matundu yake.

Baadaye alifungua gereji yake Makambako, akazaa, akazika mke, akafundisha mafundi wengi. Nilimuuliza mwanawe leo kama aliwahi kusikia habari za kizibo. Akasema, "Hapana, baba mdogo. Habari gani hiyo?"

Zaidi ya miaka sitini, hakumwambia hata mwanawe.

Kaka Lutengano, nakuja kukuzika. Miguu ni mibovu lakini nitafika, na nitayasema haya mbele ya watoto wako nikiwa nimesimama.

Kalale sasa, kaka. Umefanya kazi ya kutosha.